Inside: yule dogo mwenye fulana nyekundu anaendeshwa na nani?

Wadau wa gemu wa Mtwara mjini, hasa nyie wa mabanda ya Magomeni na Chikongola, hii ni kwa ajili yenu, maana ubishi wa Inside umekuwa mrefu sasa na kila mtu ana jibu lake, mmoja anasema dogo alishakufa tangu mwanzo, mwingine anasema ni mambo ya serikali na majaribio ya siri, mwingine kakata tamaa kabisa anasema gemu haina maana yoyote jamaa walituchanganya tu makusudi. Mimi naona maana ipo, tena imekaa waziwazi, ila watu wanaikosa kwa sababu wanauliza "kwani ilitokea nini?" wakati gemu yenyewe kuanzia dakika ya kwanza mpaka taa inazimika inauliza kitu kimoja tu, nani anamwendesha nani. Ukishika hapo mengine yanaanza kujipanga yenyewe.

Nitamwaga kila kitu humu, mpaka ule mwisho wa siri. Kama hujacheza nenda kacheze kwanza, haichukui muda, saa tatu au nne umemaliza, jioni moja tu.

Kwa asiyeijua kabisa, Inside imetengenezwa na Playdead, kampuni ndogo ya Copenhagen, Denmark, hao hao waliotoa Limbo mwaka 2010, ile gemu nyeusi na nyeupe ya mtoto porini na buibui mkubwa. Baada ya Limbo walikaa miaka mingi wanaipika hii moja, ikatoka 2016, Xbox One mwezi wa 6, kompyuta mwezi wa 7, PS4 mwezi wa 8, halafu iPhone 2017 na Switch 2018. Unacheza dogo asiye na jina na asiye na sura, yaani usoni hana macho wala mdomo, kavaa fulana nyekundu, na anachojua ni kwenda mbele upande wa kulia. Batani ni mbili ukiacha ya kutembeza, ya kuruka na ya kushika. Hakuna maandishi, hakuna mstari wa uhai juu ya skrini, hakuna mtu anayeongea neno lolote gemu nzima. Ndo maana nilicheka niliposoma kwamba mwaka 2017 walibeba tuzo ya usimulizi ya BAFTA, zile tuzo kubwa za Uingereza, na hizo tuzo walibeba nne siku hiyo, gemu bubu inawapiga chini zenye maelfu ya mistari ya maongezi. (Wenye mabanda wanaipenda kwa jingine kabisa, umeme ukikatika ukirudi unaanzia karibu na pale ulipoishia, huanzi upya.)

Sasa bila maneno wanasimuliaje? Wanasimulia kwa vitu vya nyuma, na kwa vile wanavyokulazimisha kufanya wewe mwenye padi. Mwanzoni dogo anaporomoka kwenye mawe anaingia msituni usiku, pembeni yanapita malori, ukiangalia vizuri nyuma ya lori kuna watu wamesimama kimya wamepangwa kama mizigo. Wenye tochi wakikuona wanakukimbiza, mbwa wakikushika wanakurarua, na gemu haikwepeshi macho, inakuonyesha. Hapo hujaambiwa chochote lakini umeshajua mambo matatu, kuna watu wanasombwa, kuna watu wanasomba, na wewe huna uhakika uko kundi gani. Kisha unafika shambani, nguruwe wamekufa wamelundikana, wana minyoo, mmoja yuko hai anakuvamia kama mwehu mpaka umvute mnyoo uliomning'inia nyuma, ukitoka tu anatulia, anakuwa nguruwe wa kawaida. Watu wengi wanapita hapo wanaona ni fumbo la kufungulia njia basi. Lakini wameshakwambia: kuna kitu kinaweza kuingia kwenye mwili wa kiumbe kikauendesha, kikitolewa mwili unarudi kwa mwenyewe. Shikeni hilo la nguruwe, nitalirudia.

Halafu mjini. Hii sehemu ndo inayowanyamazisha watu bandani, nimeona. Kuna mstari wa watu wanatembea kwa mwendo mmoja, mikono imelegea, na dogo anaangukia katikati yao, basi inabidi uwaige. Wakipiga hatua unapiga, wakisimama unasimama, wakiruka unaruka, wakigeuka unageuka, huku kamera inakumulika na mbwa yuko pembeni, na watu wengine wenye akili zao wamesimama wanaangalia tu mstari unapita. Ukikosea hatua moja umeisha. Kwa sekunde kadhaa hapo hakuna tofauti ya kuonekana kati ya dogo na wale waliotekwa akili, na tofauti pekee iliyobaki ni kwamba dogo anajua anaigiza. Au tuseme wewe ndo unajua, yeye hatujui kama anajua.

Sasa tuingie kwenye tafsiri ya kwetu huku, maana ndiyo inayokuja haraka kuliko zote. Kuna mama anauza vitumbua nje ya banda moja, siku hiyo akachungulia mlangoni wakati mstari unapita, akauliza, "Wanangu, hao wamechukuliwa?" Dogo mmoja akamjibu, "Hapana mama, ni gemu tu," naye akasema, "Najua ni gemu, nauliza wamechukuliwa?" Nadhani kila mtu wa Kusini anaielewa hiyo. Msukule, ndondocha, yule ambaye watu wanaamini alizikwa lakini hakufa, mchawi kamficha, usiku anamlimisha shamba, analishwa pumba, ulimi umekatwa asiseme. Ukiiangalia Inside kwa jicho hilo inakaa sawa kabisa: watu kimya, wamesombwa usiku, hawana ulimi wa kusema, wanafanya kazi ya mtu mwingine. Mdenmark sidhani kama aliwahi kusikia habari za ndondocha lakini hofu ni ile ile, mwili wako ukifanya kazi wewe ukiwa haupo.

Ila hiyo tafsiri inakubeba nusu njia halafu inakuacha. Msukule ana mwenyewe mmoja, mchawi fulani, mjulikane au asijulikane, ukimpata huyo stori imekwisha. Kwenye Inside kila ukidhani umemfikia mwenye kamba, unakuta na yeye ana kamba mgongoni.

Angalia zile kofia. Baada ya muda unakutana na kofia inaning'inia darini na nyaya zake, dogo anaruka anaingiza kichwa, anabaki ananing'inia miguu hewani, na ile miili iliyokuwa imelala sakafuni inanyanyuka. Ukienda kulia wanaenda kulia, ukiruka wanaruka. Yaani mtoto uliyekuwa unamwonea huruma kwenye mstari sasa ndiye anayeendesha mstari, na hakuna anayekulaumu, fumbo limefunguka unaendelea. Kisha gemu inaongeza chumvi: kuna sehemu mwili unaouendesha kwa kofia nao unaupeleka ukaingie kwenye kofia nyingine, uendeshe mwili mwingine. Hapo simamisha gemu uhesabu. Mwili wa mwisho unaendeshwa na mwili wa katikati, wa katikati unaendeshwa na dogo, dogo anaendeshwa na wewe na padi yako. Playdead wangeweza kufungua ule mlango kwa njia nyingine elfu, wakachagua hiyo, kwa hiyo mimi siamini kwamba ni bahati mbaya.

Kule chini kwenye maji kuna yule kiumbe wa nywele ndefu anayeogelea, anayeogopa mwanga. Anakuwinda muda mrefu, mpaka anakukamata, anakuzamisha chini kabisa, dogo anaonekana kaisha, halafu kiumbe anamchomeka kitu mwilini. Dogo anazinduka na tangu hapo anapumua ndani ya maji, na zaidi ya hapo, anaweza kuendesha ile miili bila kofia. Watu wanaliona hili kama kupandishwa uwezo, kama kwenye gemu zingine unavyopata silaha mpya. Mimi nalisoma kinyume. Mtu anayeweza kufanya kazi ya mashine bila mashine maana yake mashine imeshaingia ndani yake. Kumbuka nguruwe na mnyoo wake. Kuanzia pale dogo amechomekwa, na ukiangalia namna anavyokwenda, hajiulizi, hageuki, anazidi kuzama ndani zaidi ya lile jengo badala ya kutoka. Mtoto anayekimbia wabaya mbona anaelekea kwenye moyo wa wabaya? Hilo swali peke yake linatosha kuua ile nadharia ya kwamba anatoroka.

Na mwisho wa jengo kuna kilichokuwa kinamwita. Wanasayansi wote wanakimbilia kwenye tangi kubwa la kioo kuchungulia, na dogo anapita miguuni mwao hawamjali, wakati mwanzo wa gemu walikuwa wanamsakia mbwa. Ndani ya tangi kuna lile dude, watengenezaji wenyewe wanaliita Huddle, bonge la nyama la mikono na miguu ya watu lililoungana likawa kitu kimoja, limefungwa kofia nne zile zile. Dogo anazing'oa moja baada ya nyingine, ya mwisho ikitoka anavutwa ndani na hatumwoni tena. Kuanzia hapo wewe unaliendesha dude.

Kwa mtu wa huku dude lile lina ndugu yake. Ile michongo ya Wamakonde ya ujamaa, gogo moja la mpingo lina watu kibao wamepandana, huyu kabeba yule, yule kamshika mwingine, huwezi kumtoa mmoja bila kuvunja wote. Ukiliangalia Huddle linavyojivuta, mkono mmoja unashika ukingo, mguu mwingine unasukuma, wengine wanaanguka wanabebwa, ni mchongo wa ujamaa uliopata uhai kwa njia mbaya. Mbaya kwa sababu fundi wa mchongo kila mtu anampa uso wake, mzee ana sura ya mzee, mama ana mtoto mgongoni, wakati kwenye dude hakuna uso wa mtu, kuna viungo tu. Na bado, hili ndilo linalonisumbua, ndani ya gemu nzima ni dude peke yake linaloonekana kufanya kitu kwa kutaka. Linapiga kelele, linaumia, linabomoa ofisi, linampitia bosi mmoja na kuanguka naye dirishani, na sisi wote bandani tulikuwa tunashangilia.

Basi hapo ndo nadharia ya kwanza kubwa inaposimama: Huddle ndilo lililokuwa linamwendesha dogo tangu msituni. Lilifungwa, likahitaji mikono ya nje ya kung'oa kofia, likamtuma mtoto. Ushahidi ni huo wote niliotaja, mwelekeo wake wa kuingia ndani, kutojiuliza kwake, na kwamba akishamaliza kazi anamezwa.

Nadharia ya pili inasema ni mchezo wa wanasayansi, kutoroka kwenyewe kumepangwa, ni jaribio. Wanaoishika wana vitu viwili mkononi. Kwanza, dude likiwa linabomoa, baadhi ya watu wa mle ndani wanalisaidia, wanalifungulia, halafu mwishoni linaingizwa tena kwenye mtego wa maji. Pili, na hiki ni kitu cha kuangalia kwa makini sana kwa sababu kinapita haraka: ndani ya jengo kuna mfano mdogo wa eneo, kilima na ufukwe na mwanga unaoshuka kutoka juu. Dude linakuja kutoroka, linabomoa ukuta, linaviringika msituni mpaka chini, linaishia kwenye majani kando ya maji, mwanga unalimulika, na sehemu yenyewe ni ile ile ya kwenye mfano. Taa zinazimika, majina ya watengenezaji yanapanda.

Kwa hiyo ile fukwe ilishajengwa na mtu kabla dude halijafika. Nakubali, hicho ni kigumu kukikwepa. Ila wenye nadharia hii wanaivuta mbali mno wanaposema kila kitu mpaka mbwa wa mwanzo ni maigizo. Mfano unaonyesha kwamba kuna mtu analijua lile eneo na alikuwa na mipango nalo, hauonyeshi kwamba alitaka wafanyakazi wake wasagwe kwenye ofisi. Inawezekana kabisa dude limetoka kwa nguvu zake na bado likaangukia ndani ya uzio wa mtu, uzio mkubwa kuliko lilivyoweza kuona. Na ukisema hivyo umerudi kwenye swali lile lile la kamba mgongoni, umeongeza tu mtu mmoja juu ya foleni.

Sasa ule mwisho wa siri, ambao wengi mmeuona kwenye video tu. Gemu nzima kuna madude ya mviringo yanayowaka yamefichwa, mengine nyuma ya kuta, mengine lazima urudi ulikotoka, na unatakiwa uyachomoe yote. Ukimaliza unarudi mwanzoni kabisa, kwenye lile shamba la mahindi, kuna mlango wa chini ya ardhi. Unashuka, unatembea handaki, unafika chumba chenye mashine na kofia moja. Ukutani kuna waya umechomekwa. Dogo anaukamata, anauvuta, anauvuta, unachomoka. Mashine zinazima. Na yeye dogo anainama, magoti yanalegea, mikono inaning'inia, anakaa vile vile wanavyokaa wale wa kwenye mstari kofia ikikosa mtu. Giza. Umemaliza gemu.

Huo mwisho ndo unaonipa msimamo. Kama dogo angekuwa mtoto huru anayetoroka, kuchomoa waya kwenye handaki kusingemfanya kitu. Analegea kwa hiyo alikuwa ameshikwa. Na nguruwe je? Nguruwe akitolewa mnyoo anarudi kuwa nguruwe, ana uhai wake wa kurudia. Dogo akitolewa anachoendeshwa nacho hana pa kurudi, anabaki gamba. Hao wawili wamewekwa kwenye shamba moja, mwanzo wa gemu, wa kwanza unamwona kila mtu, wa pili mpaka uutafute. Mimi hapo ndo nasema jamaa walijua wanachofanya.

Swali linabaki ni nani alikuwa upande wa pili wa ule waya. Wanaosema ni Huddle wana shida moja, Huddle liko tangini kilomita huko, na chumba cha handaki kiko chini ya shamba. Wanaosema ni wanasayansi wana shida pia, kwa nini wamwendeshe mtoto halafu wamsakie mbwa? Anayebaki ni wewe. Wewe ndiye uliyetaka aende kulia, wewe ulimrudisha kila alipokufa, akiraruliwa na mbwa mara ishirini unabonyeza anasimama tena, na siku ulipoamua kutafuta siri zote na kuchomoa waya ndiyo siku gemu haikuwa tena na cha kukupa. Kuna wanaoona tafsiri hii ni ujanja wa waandishi wa gemu, eti kila gemu siku hizi inataka kumgeukia mchezaji. Labda. Lakini ile sehemu ya kofia ndani ya kofia imekaa pale inakuonyesha mnyororo kwa vidole, na mnyororo ule haukatiki kwenye skrini.

Sauti nayo iko upande wangu. Aliyefanya muziki, Martin Stig Andersen, alichukua fuvu la kichwa cha binadamu, la kweli, akapitisha sauti zake ndani ya mfupa kisha akazirekodi zilivyotoka. Kisa ni kwamba sauti yako mwenyewe ukiongea huisikii kwa masikio tu, unaisikia kupitia mfupa wa kichwa, ndo maana ukijirekodi kwenye simu unajiona una sauti ya mtu mwingine. Kwa hiyo ukicheza Inside na hedifoni ule mngurumo mzito unausikia kama unatoka ndani ya kichwa cha mtu, na kwenye ile sehemu ya mipigo mikubwa inayopasua kila kitu, ambapo unajificha nyuma ya vyuma mpaka upite, muziki na mpigo vinakwenda pamoja, unajikuta unatembea kwa mapigo yake bila kuamrishwa. Bandani kwenye spika za tivi na kelele za mpira mashine ya pili hupati hata robo ya hiyo, kacheze usiku.

Kuna ambayo siyatafsiri. Yule kiumbe wa majini sijaona maelezo yake yanayonitosha, wanaosema ni jaribio lililoshindikana wanaweza kuwa sawa, wanaosema ni mkono mwingine wa Huddle wanaweza kuwa sawa, lakini kwenye skrini kuna nywele, waya na woga wa mwanga, basi. Vifaranga wanaomfuata dogo pale shambani kisha unawapitisha kwenye mashine, nadhani ni mstari wa binadamu uliofanywa mdogo na mzuri ili usishtuke, ila sitagombana na mtu. Na Playdead wenyewe wamekaa kimya, kwa hiyo yeyote atakayekwambia "maana rasmi ni hii" muulize kaipata wapi.

Mwenye simu ya Android, Inside haipo kwenye simu yako, usihangaike na mafaili ya kupewa, ila Limbo ipo tangu 2015. Icheze ukishamaliza hii, na ukifika pale mnyoo unaong'aa unapodondoka toka juu ukamwingia dogo kichwani, akaanza kutembea upande mmoja bila kukusikiliza, mpaka akutane na mwanga ndo ageuke, angalia vidole vyako kwenye kioo vinabonyeza nini wakati ule. Hiyo ni miaka sita kabla ya Inside.